Mawe ya Redio Yaliyoanikwa Juani

Funguo za chumba cha vifaa ni tatu. Ule mdogo wa shaba ndio wa kabati la redio, nao haugeuki mpaka uuinue kidogo kwa kidole gumba. Nimeanza na hilo kwa sababu, katika yote nitakayowaandikia, ndilo jambo pekee ambalo nina hakika nalo kabisa.

Ninyi mnaobaki hapo chuoni mliniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi ya kuwafundisha walimu wa shule za msingi kutumia mashine darasani. Nimeyaandika mara nne. Mara ya kwanza yalitoka kama majisifu. Mara ya pili yalikuwa maombi ya msamaha kwa kila mtu niliyewahi kukutana naye kati ya Gilgil na Nakuru. Mara ya tatu yalinyooka sana na hayakusema kitu. Hii ni mara ya nne, na mke wangu ameficha karatasi zilizobaki.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na sita. Hapa Kiamunyi majirani hunitazama kichwani wakitafuta mvi, na wasipoziona hudhani nimefukuzwa. Ukweli ni kwamba niliugua kifua kikuu, nikadungwa sindano miezi mingi, na sindano hizo zilinirudishia kifua zikaondoka na masikio. La kulia halisikii chochote. La kushoto linasikia mlio mmoja tu, kama birika linalokaribia kuchemka. Daktari aliandika barua kwamba mtu wa hali hiyo hawezi kufundisha wengine kutumia redio. Mimi ni mtu wa kubishana na karatasi, lakini hiyo niliikunja nikaitia mfukoni.

Sasa nianze mwanzo.

Sikusomea ualimu. Nalisema mapema kwa sababu wengi wenu mliniita Mwalimu miaka yote hiyo, na kila mlipolitaja jina hilo nilitazama nyuma nione ni nani anayeitwa. Niliacha shule darasa la nane nikawa karani wa ghala la pareto. Redio nilizijua kwa njia ya aibu: nilifungua ya mjomba wangu ili niione sauti inakotoka, kisha nikashindwa kuifunga. Nikaibeba kwenye kikapu hadi Nakuru mjini, kwa fundi Kalasinga aliyeitwa Gurdev, mwenye duka jembamba lililojaa redio zilizovuliwa migongo.

Aliichungulia ile redio, kisha akanitazama mimi.

"Nani nafungua hii?"

"Mimi, mzee."

"Wewe nafungua, wewe nafunga. Kaa hapo."

Nilikaa juu ya sanduku la soda Jumamosi tatu mpaka nikaifunga. Hakunishika mkono hata mara moja. Alikuwa akisema tu "hapana" bila kuinua macho, nami nilipaswa kugundua mwenyewe ni "hapana" ya nini. Baadaye niliendelea kwenda kila Jumamosi kwa hiari yangu. Kwake ndiko nilikojifunza kunusa betri kabla ya kuipima, kusugua kutu ya springi kwa ubavu wa kiberiti, na kutoyaacha kamwe mawe ndani ya redio wakati wa likizo. Mawe ndilo jina ambalo watu wote wa huku walikuwa wakiziita betri, nami nitaziita hivyo hivyo.

Miaka michache baada ya Uhuru, chuo kilipokea makreti ya vifaa: redio moja kubwa ya balbu iliyotumia betri ya gari, redio ndogo kumi na mbili za transista, tepurekoda, mashine ya picha iliyowaka kwa taa ya mafuta, na saiklostaili ya kuchapia karatasi. Makreti yalikaa ukumbini muhula mzima. Wakufunzi waliyazunguka kama watu wanaozunguka ng'ombe wa jirani. Mkuu wa chuo, ambaye sote tulimwita Madam, akaenda kuuliza mjini ni nani anaweza kuyafungua bila kuharibu kitu, na Gurdev akamwambia kuna kijana mmoja ambaye ameshajua uchungu wa kufungua.

Niliajiriwa kama fundi. Kufundisha kulikuja kwa mlango wa nyuma. Wanafunzi walikuwa wakiniuliza, nami nikijibu, mpaka Madam akasema, "Kesho utawaonyesha darasa zima namna ya kutumia redio." Nilijibu ndiyo. Niliporudi chumbani niliufundisha ukuta mpaka taa ikaisha mafuta.

Ile siku ya kwanza lazima niieleze vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo. Wanafunzi walikuwa arobaini, wengi wakubwa kuliko mimi, wanaume na wanawake waliokuwa wamefundisha miaka kadhaa bila cheti na sasa wameletwa kukitafuta. Niliwasha ile redio kubwa ya balbu. Redio za aina hiyo ni lazima zipate moto kwanza ndipo ziongee. Ikapata moto, nikaipata stesheni, sauti ikatoka safi. Nikafurahi, nikaizima ili nieleze nilichofanya. Nilipoiwasha tena ikanyamaza dakika nzima. Kisha ikatoa mvumo. Kisha ikatoa taarabu, kutoka stesheni ambayo sijaipata tena mpaka leo.

"Mwalimu," mzee mmoja wa nyuma akasema, "redio imeenda chai."

Darasa lilicheka mpaka wengine wakashika madawati. Leo najua kwamba kicheko kile hakikuwa kibaya. Walikuwa watu wazima waliochoka, wamepata kitu cha kuchekea. Lakini mimi nilienda nacho nyumbani, na jioni hiyo nikaketi kuandika kanuni ili jambo kama lile lisitokee tena, si kwangu wala kwa mtu yeyote niliyemfundisha.

Kanuni zilifika ishirini na mbili. Nilizichapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya saiklostaili, na kila nilipokosea herufi sikutumia ile dawa nyekundu ya kusahihishia. Niliitupa stensili nzima. Madam aliniuliza mara moja kwa nini stensili zinaisha kama sukari. Kanuni ya kwanza ilisema: *Ukishaipata stesheni, usizime redio mpaka somo liishe.* Ya tisa ilisema: *Mawe ya redio hayaanikwi juani kama mahindi.* Hiyo ya tisa niliiandika kwa kiburi. Kila nyumba ya mashambani, mawe yakichoka watu huyatoa wakayaweka juu ya bati au ukutani yapate jua, kisha huyarudisha. Nililelewa nikiliona jambo hilo. Niliona kwamba walimu wa kisasa hawana budi kuliacha.

Sasa, ninyi vijana mnaojua transista tangu utotoni mtakuwa mmeshaliona kosa. Transista haihitaji kupata moto. Ukiizima na kuiwasha, inaongea papo hapo, na mshale haujaondoka pale ulipouacha. Kanuni ya kwanza ilikuwa ya redio ya balbu, nami nikaziwekea redio kumi na mbili zisizo na balbu. Je, nilijua? Nilijua. Gurdev alikuwa amenifundisha hilo mwezi wa kwanza. Lakini kujua kulikuwa kichwani, na kile kicheko kilikuwa tumboni, na mimi nimekuwa nikiongozwa na tumbo maisha yangu yote.

Wanafunzi waliniita Bwana Kanuni. Walidhani sijui.

Somo la redio la wakati ule, kwa wasioliona, lilikwenda hivi. Sauti kutoka Nairobi ilisema sentensi ya Kiingereza, kisha ikauliza swali na kunyamaza kidogo. Katika kile kimya mwalimu aliinua kiganja, na watoto wote wakajibu pamoja. Kisha redio ikaendelea. Dakika ishirini. Kazi yote ya mwalimu ilikuwa katika kile kimya. Akichelewa kuinua kiganja, redio huendelea bila watoto, na huwezi kuiambia ingoje. Nilifundisha kuinua kiganja kwa saa ya mkononi.

Katika kundi la mwaka wa tatu wa kazi yangu alikuwapo Rael. Alitoka upande wa Olenguruone, msichana mrefu wa sauti ya chini, na alikuwa ameshafundisha miaka minne bila cheti. Mtihani wa kufundisha alikuwa ameufanya mara moja akaanguka, kwa sababu alitetemeka mbele ya mkaguzi mpaka chaki ikamponyoka. Sheria iliruhusu mara mbili tu. Akianguka tena angerudi nyumbani bila cheti, na walimu wasio na cheti walikuwa wakiondolewa shuleni mmoja mmoja. Alinieleza hayo yote akiwa amesimama mlangoni pa chumba cha vifaa, akitazama kabati.

"Ndiyo maana nataka kufuata kila kitu, Mwalimu," akasema. "Kama ulivyoandika. Nisikosee hata kimoja."

Nilimpenda kwa maneno hayo, kama mtu anavyopenda kioo. Nikampa redio nzuri kuliko zote na seti moja ya mawe mapya, ile ya muhula mzima. Nikampa pia daftari la redio, ambalo kila mwanafunzi alipaswa kujaza kila siku: imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, sauti ilikuwaje. Daftari lile lilikuwa fahari yangu. Mistari yake niliipiga kwa rula mmoja mmoja.

Alipelekwa kwenye shule moja ya Kabazi, juu ya Subukia, kufanya mazoezi ya kufundisha kwa muda wa wiki sita. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa mzee mmoja aitwaye Kamau, mwenye koti moja na maneno mengi. Mwishoni mwa wiki ya sita mkaguzi akaja kutoka Nairobi, mwanamume mpole mwenye kalamu ya wino na kitabu cha kijani, nami nikaambiwa nimsindikize kwa sababu somo lingekuwa la redio.

Tulifika kabla ya saa nne na dakika ishirini asubuhi, saa ya kipindi. Mvua ilikuwa imeacha siku mbili kabla, na jua lilikuwa kali kwenye uwanja. Rael alikuwa amesimama mbele ya darasa la tatu, redio iko juu ya kitambaa kilichonyooshwa, mshale kwenye stesheni, na imeshawashwa, kama nilivyoandika. Sauti ilikuwa ndogo. Nilidhani ameipunguza. Nilipoona mkono wake uko kwenye kitufe na kitufe kimezungushwa mpaka mwisho, nilijua.

Kipindi kikaanza. Sentensi ya kwanza watoto waliisikia kwa kuinamisha vichwa mbele. Ya pili waliisikia wa dawati la kwanza tu. Ya tatu haikufika kabisa. Ikakatika katikati ya swali, na Rael akabaki ameinua kiganja, na watoto wakikitazama kile kiganja, na hakuna aliyejua anajibu nini.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, redio amekufa?"

"Hajafa," Rael akasema. "Amechoka."

Mzee Kamau akaingiza kichwa mlangoni. "Si nilikuambia tangu Ijumaa? Toa hayo mawe yapigwe jua hapo nje. Watoto waimbe wimbo mmoja, wawili, yatarudi. Hata yangu ya nyumbani nafanya hivyo."

Hapo ndipo Rael aliponitazama.

Nimejaribu mara nne kuandika mtazamo ule na sijaweza. Haukuwa wa lawama. Alikuwa anaomba ruhusa. Kanuni ya tisa ilikuwa yangu, nami nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Ilitosha nitikise kichwa kukubali. Wala sikuhitaji kusema neno.

Nilitazama saa yangu. Niliitazama kwa makini sana, kama mtu aliyepewa kazi ya kuihesabu. Nilikuwa nikifikiri hivi: nikikubali, mkaguzi ataniuliza kwa nini nimekataza kwenye karatasi jambo ninalolikubali darasani, halafu atauliza ni nani aliyeandika karatasi hizo, halafu atauliza cheti changu. Yote hayo niliyafikiri kabla sindano ya sekunde haijatimiza mzunguko.

Rael akashusha kiganja. Akafunika redio kwa kile kitambaa, taratibu, akaendelea na somo kwa mdomo wake mwenyewe. Aliuliza maswali, akanyamaza, akainua kiganja, watoto wakajibu. Hakutetemeka. Lilikuwa somo zuri kuliko lolote nililowahi kuona. Lakini mkaguzi alikuwa na fomu, na kwenye fomu kulikuwa na mstari wa vifaa, na pale aliandika kwa ile kalamu ya wino: *Hakuandaa kifaa. Hakutafuta njia kilipokwama.* Niliisoma kutoka pembeni.

Tulipokuwa tukishuka kurudi Nakuru, mkaguzi akaniuliza, "Huyu dada ana sauti ya ualimu. Nani aliyewafundisha kutunza redio?"

"Ni mimi, bwana."

"Uliwaambia mawe yanaisha?"

"Niliwaambia."

"Basi ni uzembe wake. Pole kwake."

Nilikuwa nimewaambia kweli. Ilikuwa kanuni ya kumi na nne. Kila neno nililomjibu mkaguzi lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Kikao cha alama kilikuwa baada ya siku nane. Katika siku hizo nilikusanya redio zote kumi na mbili na madaftari yake, kama ilivyokuwa desturi. Mawe ya redio kumi na moja yalikuwa na nguvu. Ya Rael yalikuwa mazito, yananuka, moja limeanza kutoa maji. Nikafungua daftari lake. Siku zote za mazoezi kabla ya ile ya mkaguzi, kwa mwandiko wa kalamu iliyochongwa upya kila asubuhi: *Imewashwa saa moja kamili. Imezimwa saa nne na dakika arobaini.* Alikuwa akiipata stesheni mapema ili asikosee, na akishaipata, haizimi. Kwa sababu ya somo la dakika ishirini, redio iliongea kwa muda wa karibu saa nne kila siku.

Madaftari mengine kumi na moja yalisema vivyo hivyo. Lakini kila moja lilikuwa limeandikwa kwa wino mmoja, mkono mmoja wa haraka, kama mtu aliyeketi siku ya mwisho akajaza wiki sita pamoja. Nikamwita mmoja wao, Kimani, jamaa aliyekuwa hajali mtu.

"Sema ukweli. Mlikuwa mkiacha redio wazi asubuhi yote?"

Akacheka. "Bwana Kanuni, saa moja mpaka saa nne redio inaongea na nani? Na kuta? Tulikuwa tunafungua kipindi kikianza, tunafunga kikiisha. Daftari tulikujazia tu ulale vizuri."

Kwa hiyo katika wanafunzi kumi na wawili waliopewa redio, kumi na mmoja walinidanganya wakafaulu. Mmoja alinitii.

Nilichukua yale mawe yaliyokufa nikaenda kwa Gurdev. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka aniambie yalikuwa mabovu tangu kiwandani. Aliyanusa, akayapima, akaniuliza yalifanya kazi namna gani, nami nikamwonyesha daftari.

"Hii mawe hapana mbovu," akasema. "Hii mawe nachapa kazi kama punda. Nani naamuru transista iongee peke yake asubuhi yote?"

"Mimi."

"Wewe? Mimi nafundisha wewe hii transista!"

"Najua, mzee."

Akaenda nyuma ya duka, akarudi na sinia la bati. Juu yake kulikuwa na mawe kama ishirini yamepangwa, yana joto la jua. Sikuwahi kupita kule nyuma miaka yote ile. "Jua narudisha nguvu kidogo," akasema. "Nusu saa, labda zaidi. Hapana dawa, lakini nusu saa iko."

Nusu saa. Somo lilikuwa dakika ishirini.

"Huyo msichana nafeli?" akauliza.

"Atafeli kesho."

Aliweka sinia chini na kurudi kwenye kazi yake. Bila kuinua macho, akasema lile neno lake la zamani: "Hapana." Safari hii sikuhitaji kukaa kwenye sanduku ili nijue ni hapana ya nini.

Kwenye kikao walikuwapo Madam, mkaguzi, na wakufunzi watano. Jina la Rael lilipofika, mkaguzi alisoma alichoandika, na mkufunzi mmoja akasema, "Ya pili hiyo. Basi." Nilisimama.

Nilisema, "Huyu hakufanya uzembe. Uzembe ni wangu." Nikaweka mezani karatasi ya kanuni ishirini na mbili, nikaweka daftari la Rael juu yake. Nikaeleza kanuni ya kwanza na kwa nini niliiandika, pamoja na ile siku ya taarabu. Nikaeleza ya tisa. Nikasema kwamba aliniomba ruhusa kwa macho, nami nilikuwa nimetazama saa.

Mkaguzi alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Alisoma kwa muda mrefu. Kisha akauliza lile swali nililokuwa nikilikimbia kwa miaka mitatu.

"Cheti chako cha ualimu ni cha daraja gani?"

"Sina, bwana. Mimi ni fundi."

Madam akazungusha kikombe chake. "Tulijua," akasema. "Tulimwajiri kufungua makreti. Alianza kufundisha kwa sababu sisi wenye vyeti tuliogopa kugusa."

Mkaguzi akakata mstari aliokuwa ameuandika, akaweka sahihi yake pembeni. "Nitarudi Kabazi Jumanne," akasema. "Wewe hutakuja."

Ya Jumanne hiyo niliyasikia kutoka kwa Rael mwenyewe, enzi hizo nikiwa bado na masikio. Mawe yalikuwa yaleyale yaliyokaribia kufa, niliyomrudishia pamoja na redio, maana mapya ya muhula hayakuwa yamefika. Lile lililotoa maji tu ndilo Mzee Kamau alilibadilisha kwa la tochi yake. Rael aliyaweka dirishani tangu saa moja. Mkaguzi alipoingia alisimama palepale dirishani ili aone darasa vizuri.

"Nikamwambia, 'Samahani bwana mkubwa, umesimama kwenye jua la redio.'"

"Ulimwambia hivyo? Mkaguzi?"

"Ningefanya nini, Mwalimu? Mawe yalikuwa yanapata baridi. Akaruka kama amekanyaga siafu."

Alifaulu. Si kwa alama za juu. Redio ilidumu dakika kumi na saba, na zile tatu za mwisho alizimaliza kwa mdomo. Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo bado ninayo, na kazi ya kuandika kanuni upya. Zilibaki sita. Stensili yake yenyewe imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na herufi moja ya kanuni ya nne imesahihishwa kwa dawa nyekundu. Tafadhali msiiondoe. Niliiacha makusudi, na ilinigharimu usingizi wa siku mbili.

Miaka iliyofuata sitaieleza sana. Tulipeleka redio shule nyingi, tukarekodi sauti za watoto kwa tepurekoda wakajicheka wenyewe, tukachoma vidole kwenye ile taa ya picha. Mwanafunzi akianza nami siku ya kwanza, nilikuwa nikimfundisha jambo moja kabla ya kumwonyesha kitufe chochote: nilizima redio katikati ya somo bila kumwambia, nikaona atafanya nini. Wengi walinitazama mimi. Niliwafundisha kuwatazama watoto. Ninyi mnaochukua funguo, endeleeni hivyo, hata wakiwaita majina.

Kisha zikaja sindano.

Wiki iliyopita, kabla ya kukabidhi funguo, Madam alinipa gari nikaenda Kabazi. Rael aliomba apangiwe shule hiyohiyo na hajaondoka. Darasa lake lina watoto hamsini na kitu. Niliketi nyuma, kwenye dawati lililonibana magoti. Kwenye dirisha kulikuwa na mawe manne yamelala juani, na mengine manne yalikuwa ndani ya redio, kwa maana kila siku saa nne hubadilishana zamu.

Saa ikafika. Aligusa kitufe. Mimi sikusikia chochote isipokuwa birika langu. Kwa mara ya kwanza tangu nilipofungua redio ya mjomba, nilikuwa mbele ya redio na sikujua kama inaongea au imekufa. Ile hofu ya zamani ikanirudia, ya kwamba kitu kimeharibika na kosa ni langu.

Nikamtazama Rael. Nilikuwa naomba aniambie.

Yeye hakutazama saa. Alinitazama mimi moja kwa moja, juu ya vichwa vya watoto, akatikisa kichwa kidogo: ndiyo, inaongea. Kisha akainua kiganja, na midomo hamsini na kitu ikafunguka kwa pamoja.